Barua ya Wazi kwa Mjomba Mwenye Kondoo Makete

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikia kwamba tangu fisi wakuchukulie kondoo watatu katika ukungu, umeazimia kuuza dume lako ili ununue mbwa wa Uskoti, yule anayeonekana kwenye video akiwakusanya kondoo kwa kufuata mlio wa filimbi. Nakusihi usiuze.

Mbwa huyo, border collie, ni fundi wa kuswaga. Huinama, akakaza macho, nao kondoo hukusanyika kwa kuwa wanamwona kama mwindaji. Silika ni ileile ya kuwinda, ila imezuiwa isifike kwenye kuuma. Ndiyo maana hutakiwa kuongozwa na mtu muda wote wa kazi. Wewe unashinda kwenye viazi, na kundi unawaachia watoto. Unachohitaji ni mlinzi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mbwa mlinzi haswagi. Hukaa katikati ya kundi kama mmoja wao, na adui akitokea husimama mbele yake na kubweka, na mara nyingi hilo hutosha kumfukuza. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, ili mifugo ipone na duma wasipigwe risasi. Lakini kinachonipa matumaini zaidi ni Botswana, ambako wafugaji hulindiwa mbuzi na kondoo na mbwa wa kienyeji, wa aina hii hii tunayoifukuza jikoni.

Siri iko kwenye malezi. Mtoto wa mbwa achukuliwe akiwa na wiki nane hivi, alale zizini, alishwe humo humo, awazoee kondoo kabla hajazoea baraza la nyumba. Akianza kuwakimbiza kwa mchezo, akemewe siku hiyo hiyo. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na apewe dawa ya minyoo. Tena, mjomba, hili nalisema kwa msisitizo: mkichinja, msimtupie maini wala mapafu mabichi, kwa sababu humo hujificha tegu ambaye, akishakua tumboni mwa mbwa, mayai yake huweza kumwingia mtu na kumwotesha vivimbe vya maji kwenye ini.

Mama ameniambia kwamba mbwa jike wa jirani yako amezaa. Chagua mtoto mtulivu, asiwe mkali kupita wenzake. Gharama za chanjo nitazituma mimi.

Mpwa wako, Mbeya