Vijana wa Majengo, Desemba hii kunjeni mikono ya shati

Kwenu wajukuu zangu wa kikundi cha vijana, Majengo, Pumwani.

Salaam nyingi. Jana mweka hazina wenu alipita kibarazani kwangu na daftari la mchango. Nikatoa changu, nikamwuliza mna mpango gani. Akasema: tisheti, bango, matatu ya kukodi, kisha unga na sukari kwa makao ya watoto tarehe 25. Sikumjibu papo hapo. Jibu langu ni hili.

Krismasi si sikukuu yangu, ingawa pilau yake nimeila miaka yote. Mwaka juzi nilikwenda makao hayo na akina mama wenzangu. Tulipanga foleni langoni, keki tatu zimetutangulia, na watoto wamechoka kuimbishwa. Mlezi alipokea sukari yetu kwa adabu, akaiweka juu ya sukari. Februari nilirudi kuchukua sufuria yangu niliyoisahau. Niliikuta kavu, na stoo kavu vilevile.

Kinachokosekana Desemba hapa Nairobi ni damu. Wachangiaji wengi wa damu nchini ni wanafunzi, na shule zikishafungwa ndio wametawanyika. Watu wazima nao wamepanda mabasi kwenda mashambani. Barabarani ajali haziishi, wala wajawazito hawaahirishi uchungu mpaka Januari. Hapa kwetu Hospitali ya Uzazi ya Pumwani imekuwa ikizalisha tangu 1926, na mama akianza kuvuja damu baada ya kujifungua, saa moja ni nyingi.

Yalinifika mimi. Binti yangu alijifungua Desemba moja katika hospitali fulani ya mji huu, akavuja, tukaambiwa tutafute watu. Nikapiga simu: huyu yuko Busia, yule Kisii, mwingine Mombasa anakula sikukuu. Waliokuja ni vijana wawili wa mkokoteni kutoka Gikomba, wateja wangu wa uji, nguo zao zimejaa vumbi la mitumba. Mtoto aliyezaliwa siku ile ni mmoja wenu, na nasikia ndiye anayeandika hilo bango.

Basi nendeni mkatoe damu katikati ya Desemba, kabla hamjatawanyika. Anayetakiwa ni mwenye miaka 16 hadi 65, kilo zisizopungua 50, na afya nzuri. Wahudumu watawapima wingi wa damu kwanza, kisha watachukua kama mililita 450. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 hivi, kwa hiyo mtakachotoa kitawafikia hata wa Mwaka Mpya. Kuleni na mnywe maji ya kutosha kabla ya kwenda. Sitaki kusikia mtu ameanguka kwa kujifanya shujaa. Aliyechorwa tatuu mwilini juzi aseme ukweli, ataambiwa asubiri. Na msiishie hapo: mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Pesa za tisheti zifungieni hadi Januari. Njaanuari mnaijua. Shule zinafunguliwa, na katika ploti zetu hizi hizi kuna nyanya wanaolea wajukuu yatima bila bango wala mgeni. Serikali yenyewe mwaka 2022 ilitoa mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha kwenye familia. Sasa familia hiyo ikikosa sare na viatu, mtoto atarudi wapi? Mtumeni msichana mmoja aulize kimyakimya nani anahitaji nini, saizi gani. Msipige picha. Yule nyanya ana jirani zake na ana heshima yake.

Mimi miaka 65 nimeipita, damu yangu haitakiwi tena. Mkitoka huko njooni kwangu, uji wa wimbi na mahamri vitakuwa tayari. Lakini mweka hazina arudi kwanza na lile daftari, nione jina la kila mmoja na kilo zake.

Nyanya yenu wa kibarazani