Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: majibu ya utafiti wa maji yarudi Meru

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji huku Meru, mkoani Arusha. Nakuandikia kuhusu tafiti za vyuo vikuu, hasa zile zinazofanyika kwenye vyanzo vyetu vya maji na kwenye meno ya watoto wetu.

Watafiti hawapotei njia ya kuja kwetu. Wanaripoti kwa mtendaji, wanaonyesha kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, nasi tunawapeleka kwenye chemchemi. Chupa ndogo nyeupe zinajazwa, na kila moja inaandikwa jina la chanzo na saa. Kisha wanakwenda shuleni. Watoto wanapangwa mstari nje ya darasa, kila mmoja anaambiwa anyanyue mdomo wa juu kwa kidole, na mtafiti aliyevaa glavu analinganisha meno yake na picha zilizo kwenye kadi. Mabinti wakubwa wanaziba mdomo kwa kiganja mpaka zamu yao ifike, kwa sababu wanajua kinachotazamwa. Sisi wazazi tulisaini fomu za ridhaa, tukaambiwa majibu yataletwa.

Hayakuletwa. Aliyeyapata ni kijana wetu anayesoma, akitafuta mambo yake kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo kimoja. Ni tasnifu nzima ya Kiingereza, na katikati yake kuna jedwali lenye chemchemi yetu, kisima cha shule na mfereji wa jirani, vyote kwa majina. Chanzo kinachotegemewa na kaya nyingi kilikuwa juu sana ya miligramu 1.5 kwa lita za floridi, madini ambayo yakizidi kwenye maji huharibu meno, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Chanzo kingine, ambacho mtu anakifikia kwa miguu akiwa na dumu kichwani, kilikuwa chini ya hapo. Muda wote huo akina mama walikuwa wakichagua pa kuchota kwa kuangalia foleni ni fupi wapi.

Naomba unisikilize vizuri hapa, Mheshimiwa. Floridi ya huku inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wenyewe, na kwenye maji haionekani wala hainuki. Meno ya mtoto yanaharibika yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya mwanzo wa maisha yake. Akishavuka umri huo, hata ukimletea maji safi kuliko yote, meno yaliyokwisha kuingia rangi ya kahawia hayarudi kuwa meupe. Na anayeendelea kunywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi, madhara yanaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo majibu yakikaa kabatini miaka mitano, kuna watoto waliokuwa wananyonya wakati chupa zinajazwa ambao sasa wako shule, na muda wa kuwakinga umekwenda.

Kuna mambo mengine ambayo watafiti wanayajua siku nyingi, na majirani zangu hawayajui mpaka leo. Tunachemsha maji ya mtoto tukiamini tumeyasafisha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi inabaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive haraka, nayo yamepimwa yakakutwa na floridi. Maji ya mvua yana kidogo sana, kwa hiyo mwenye bati na pipa angeweza kuyatenga kwa ajili ya mtoto mdogo. Mambo haya mama anaweza kuelezwa kwa dakika kumi.

Siwalaumu wahadhiri. Wanafanya kile wanachopimwa nacho. Mhadhiri anapanda cheo kwa makala, makala inathaminiwa kwa hadhi ya jarida, na hadhi ya jarida inahesabiwa kwa wastani wa kunukuliwa kwa makala zake za miaka miwili iliyopita. Serikali nayo imeanza kuwatuza fedha wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, na mimi naunga mkono. Makala ya Meru ikinukuliwa India au Ethiopia, ambako wanasumbuliwa na tatizo hili hili, hiyo ni heshima kwa nchi na msaada kwa wenzetu. Lakini mama wa hapa akihama chanzo kwa sababu ya makala hiyo, hakuna safu yoyote kwenye fomu ya kupandisha cheo ambapo jambo hilo linaandikwa.

Na wanaoweza kuufikisha utafiti kwa wananchi tunao. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu, imewafikishia wakulima miche chotara inayostahimili magonjwa ya kahawa ya chulebuni na kutu ya majani. Mkulima anaitambua kazi yao shambani kwake. Hapa Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji lililompatia mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi ya Afrika, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huku huku Meru, kimeshughulika miaka mingi na kuondoa floridi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya wanyama.

Ninachokuomba ni kanuni. COSTECH isifunge faili la kibali chochote cha utafiti uliochukua sampuli vijijini mpaka iletwe barua yenye muhuri wa kijiji, ikithibitisha kwamba matokeo yamesomwa kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili, na nakala ya kurasa mbili imeachwa ofisini. Majina ya watoto yabaki siri, ila majina ya vyanzo na vipimo vyake yatajwe. Nauli ya siku hiyo moja iwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kama inavyowekwa ya kuja kuchukua sampuli. Na barua hiyo ihesabiwe mhadhiri anapoomba kupanda cheo, na anaposhindania tuzo ya serikali.

Nimewahi kuambiwa na mtaalamu kwamba kutangaza vipimo wakati mradi wa maji haujafika ni kuwatia watu hofu. Sikubaliani naye hata kidogo. Kuna chanzo cha pili, kuna maji ya mvua, kuna kupunguza magadi. Mzazi akiambiwa ukweli atahangaika, na hana budi ahangaike, kwa kuwa mtoto ni wake.

Kamati yetu haitasubiri kanuni itungwe. Mtafiti yeyote mwenye vipimo vya vyanzo vya huku, hata vya miaka ya nyuma, afike ofisi ya kijiji. Tutatangaza kanisani na msikitini, na mkutano tutauitisha wiki hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe wa kamati ya maji,
Meru, Arusha