Risala ya Wafanyakazi wa Huduma za Ndege, Tanga, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuzindua Sera ya Usalama

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi,
Mkurugenzi wa kampuni yetu,
Wawakilishi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Wazee wetu wavuvi wa fukwe za Deep Sea na Sahare,
Wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya turubai, katika joto hili la Tanga, kushuhudia karatasi moja ikitundikwa ukutani. Karatasi hiyo ndiyo sera yetu ya usalama. Tunaomba tukueleze ilikotoka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi ni wapakia mizigo, wajaza mafuta, mafundi, wahudumu wa abiria na walinzi. Ndege tunazozihudumia ni ndogo, na nyingi zinavuka bahari kwenda Pemba na Unguja. Ndani yake mna wafanyabiashara, wagonjwa wanaofuata matibabu, na watu wanaowahi maziko.

Si kwamba zamani hatukuwa na sera. Tulikuwa nayo, kurasa nyingi za Kiingereza zilizonakiliwa kutoka kampuni ya nchi nyingine, na mahali pamoja jina la kampuni hiyo lilikuwa halijafutwa. Ilikaa kwenye faili. Mkaguzi akija inatolewa, akiondoka inarudishwa.

Kisha asubuhi moja mwenzetu aliyekuwa akisukuma kitoroli cha mizigo aligusa ubavu wa ndege. Aliona alama ndogo, kama mkwaruzo wa kucha, akanyamaza. Siku chache kabla ya hapo mwenzake alikuwa amekatwa mshahara kwa kuvunja taa, na yeye alikuwa anadaiwa ada ya mtoto. Bahati njema rubani aliiona alama ile alipokuwa akiizunguka ndege kabla ya kuruka. Safari ikaahirishwa, mafundi wakakagua, hakuna aliyedhurika. Lakini jioni ile tulikaa kimya kirefu, kwa kuwa kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba angekuwa yeye, naye angenyamaza.

Katika mafunzo tulisimuliwa habari ya Hawaii, na hatujaisahau. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege aina ya Boeing 737 ilipasuka paa ikiwa angani, futi 24,000 juu. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakuonekana tena. Marubani waliishusha ndege ikiwa wazi kama gari la mizigo, na wengine wote waliokuwamo wakanusurika. Ndege hiyo ilikuwa ya safari fupi fupi za visiwani, katika hewa ya chumvi kama hii yetu, na ilikuwa imeruka zaidi ya mara 89,000, hata bati lake likachoka na kuliwa na kutu. Baadaye abiria mmoja alieleza kwamba wakati wa kupanda aliuona ufa karibu na mlango. Hakumwambia mtu.

Abiria hakuwa na wajibu wa kusema. Sisi tunao, ila wajibu hauwezi kushindana na hofu ya kukosa mkate.

Ndiyo maana safari hii hatukunakili. Tulianza na masharti ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaliyomo katika Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga; kiambatisho hicho kilianza kutumika Novemba 2013. Masharti hayo yanataka sera itiwe saini na mkuu mwenye dhamana ya shirika zima, iahidi fedha na vifaa, ieleze namna ya kutoa taarifa, itaje mwenendo usiovumilika na hali ambazo mtu hataadhibiwa, ifikishwe kwa kila mfanyakazi, na ipitiwe upya mara kwa mara. Halafu tukakaa chini ya mwembe, saa ya chakula, tukaulizana swali moja: ni kitu gani kitakufanya ufiche ulichokiona?

Majibu yalikuwa mazito. Mlinzi alisema hajui kuandika vizuri, basi fomu inamtia aibu. Sera sasa inasema taarifa kwa mdomo ni taarifa kamili. Mjaza mafuta alisema aliwahi kutoa taarifa, ikapotea hewani. Sera sasa inampa kila mtoa taarifa haki ya kujibiwa ndani ya siku 7, hata kama jibu ni kwamba bado tunachunguza. Kubwa zaidi lilikuwa la adhabu, na hapo tulibishana hadi jua likazama. Tulikubaliana kwamba aliyekosea kwa bahati mbaya na akasema mwenyewe, hakatwi mshahara wala hafukuzwi. Aliyekuja kazini amelewa, aliyesaini ukaguzi ambao hakuufanya, au aliyeficha kosa kwa makusudi, huyo hana kinga. Mwenzetu wa kitoroli ndiye aliyelitamka sharti hilo la mwisho, na yupo kazini hadi leo.

Tunamshukuru Mkurugenzi kwa kuweka saini kwa mkono wake. Wapo waliotaka asaini ofisa usalama. Tulikataa, kwa sababu ofisa usalama hashiki mfuko, na breki ya kitoroli hainunuliwi kwa nasaha.

Mheshimiwa, jambo moja limetuzidi uwezo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, kati ya watu 43 waliokuwamo 19 walifariki, na wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafikia. Ndege zetu zinapita juu ya bahari kila siku, lakini hatujawahi kufanya zoezi hata moja pamoja na wazee hawa wa Deep Sea na Sahare. Hawana namba yetu, nasi hatujui boti zao ngapi zina mashine nzima. Sera iliyoishia getini haimfai mtu aliye majini.

Tunaomba basi ofisi yako ituitishe sote, wavuvi, zimamoto, hospitali na sisi, tupange zoezi la uokoaji kabla pepo za kusi hazijachafua bahari. Tunaomba pia vijana 10 wa fukwe hizo wafundishwe huduma ya kwanza na kupewa makoti ya kuokolea. Sisi tumekwisha kuchangishana fedha za makoti matatu, na yako hapo mezani.

Nafasi ya pili ya saini, chini ya ile ya Mkurugenzi, tumeiacha wazi kwa ajili ya shahidi. Tunaomba uwe wewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.