Pendo, nimetoka Rubondo

Pendo mambo,

Mama anakusalimia sana, juzi tu pale mwaloni Kirumba kaniuliza Pendo anarudi lini toka huko Dodoma, nikamwambia ntamwandikia leo leo. Nisamehe kwa ukimya, nilikuwa Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, na tangu nirudi sijui nianzie wapi kukuhadithia.

Unakumbuka utotoni tulivyokuwa tunakiangalia kisiwa cha Saanane toka Mwanza mjini tukadhani visiwa vyote ni mawe na pimbi? Rubondo ni kitu kingine kabisa. Tumetoka alfajiri, daraja la Kigongo-Busisi tumelivuka dakika chache tu (ile foleni ya kivuko tuliyokuwa tunashinda nayo imebaki stori), tukapita Sengerema, Geita, mpaka Nkome, hapo ndo tukapanda boti. Kisiwa kinaanza kama mstari mweusi majini, mnasogea unakuwa kijani, af mnafika karibu unaona kumbe ule wote ni msitu, umeshuka mpaka ziwani kabisa, matawi mengine yanalowa.

Sasa ngoja nikwambie ya sokwe maana ndo imenikaa moyoni. Kati ya 1966 na 1969 profesa mmoja Mjerumani anaitwa Bernhard Grzimek, na shirika lake la wanyama la Frankfurt, wakaleta pale sokwe kumi na kitu toka kwenye zoo za Ulaya. Wengi walikamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wamekaa vizimbani miaka, wakapakiwa meli mpaka Dar, wakaletwa huku ziwani, mlango ukafunguliwa basi. Hakuna aliyewafundisha tunda gani linaliwa wala kiota kinafumwaje. Na wakaweza Pendo! Guide alitusimamisha chini ya mti akatuonyesha juu, matawi yamekunjiwa kwa ndani yakalaliana, majani bado mabichi, yaani usiku wa jana kuna mtu alilala pale, na nasema mtu makusudi kabisa. Wenyewe hatukuwaona. Tuliwasikia tu mbali ndani ya msitu, sauti inaanza chini chini inapanda inapanda mpaka mwili unasisimka, nikajikuta nalia.

Faru hawakubahatika hivyo, waliletwa miaka hiyo hiyo majangili wakawamaliza, inauma sana. Tembo na twiga nao waliletwa na bado wapo. Ila kwangu mimi mwenye kisiwa ni nzohe, yule swala wa kwenye matope na matete, huyu hakuletwa na mtu. Kwato zake ndefu zimetanuka ili asizame kwenye matope, akishtuka anaingia majini anabakiza pua tu. Tulimkuta dume moja pembeni ya matete, maji yanamchuruzika tumboni, katuangalia weee, af karudi kula taratibu, maana pale hakuna simba wala chui wa kumkimbiza.

Na watu walikuwepo. Wazinza walikuwa wanaishi kule, wanavua, wanalima migomba, wakahamishwa miaka ya 60, kisiwa kikawa pori la akiba 1965 na hifadhi ya taifa 1977. Mi naona kila anayeenda Rubondo aambiwe habari zao kabla hajaambiwa za sokwe, ule msitu wao waliutumia na wakauacha umesimama.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukiwaza na tumekulia kwenye samaki, yale maji yanayozunguka kisiwa nayo ni hifadhi, kuvua marufuku, sato na sangara wanazaliana pale kwenye kina kifupi af wanatoka kwenda ziwani kwa wavuvi. Nilipomwambia mama alikuwa anaparua sato, akasimama na kisu mkononi, akamgeuza yule samaki akamwangalia, akauliza, "Kwa hiyo hawa wangu nao wametoka kule?" Nikamwambia inawezekana mama. Hajaacha kuniuliza habari za kule tangu siku hiyo, na amesema safari ijayo lazima aende.

Kwa hiyo Desemba ukipata likizo njoo twende watatu. Kiingilio sisi wabongo tunalipa kwa shilingi, kinachokula hela ni boti, tukiwa wengi tunagawana. Nijibu mapema nianze kuulizia, na uje na sweta, ule upepo wa ziwani asubuhi ni mkali.

Wako,
Neema