Seva ya mtumba: anzia kwenye LUKU kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wa Tabora wanaofikiria kununua seva ya mtumba, yaani kompyuta ya ofisini ya kuhudumia kompyuta nyingine, kwa matumizi ya nyumbani: vijana wanaojifunza Linux, na familia zinazotaka kuhifadhi picha na video za kamera za ulinzi. Mashine zenyewe ni imara kweli. Dell PowerEdge R720 na HP ProLiant DL380p Gen8, zote za mwaka 2012, zina nafasi ya prosesa mbili za Xeon, RAM ya ECC inayojisahihisha makosa, na pawasaplai mbili. Tatizo ni kwamba bei ya dukani ndiyo gharama ndogo, na mnunuzi huigundua ile kubwa akishafika nyumbani.

Seva ya aina hiyo, yenye prosesa mbili na diski kadhaa, hula wati 100 hadi 200 hata ikiwa imetulia. Tuchukue 150. Kwa saa 24 ni uniti 3.6, kwa siku 30 ni uniti 108. Mteja wa daraja D1, lile la TANESCO la watumiaji wadogo, amepangiwa uniti 75 kwa mwezi kwa nyumba nzima, na kila uniti inayozidi hapo ina bei ya juu zaidi. Mashine moja inavuka kikomo kabla hujawasha taa wala pasi. Kompyuta ndogo iliyotoka ofisini, kama OptiPlex Micro au EliteDesk Mini, ikitulia hula wati 10 hadi 20. Ukichukua 15 ni uniti kama 11 tu kwa mwezi. Kwa mafaili ya familia na filamu za sebuleni inatosha kabisa. Anayehitaji ECC na diski nne atafute seva ya kusimama kama PowerEdge T30. Zile za kulala kwenye raki zimeundwa kwa vyumba vyenye kiyoyozi ambavyo watu hawalali ndani yake, na zile nyembamba zenye unene wa U1, kwa kuwa feni zake ni ndogo na huzunguka kwa kasi sana, hazifai kabisa nyumba yenye watoto.

Kama unataka kupima mwenyewe, tumia mita ya LUKU. Zima kila kitu, washa seva peke yake, kisha hesabu taa inavyomulika. Ikiwa mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa humulika mara 1000 kwa kila uniti, mimuliko 15 ndani ya dakika 6 ni wati 150.

Dukani usilipe kabla mashine haijawaka mbele yako. Nenda na monita yenye kebo ya VGA, maana nyingi hazina HDMI, na flashi yenye Memtest, programu ya kupima RAM, na Debian, aina ya Linux, ya kuwashia bila kusakinisha. Usishtuke kioo kikikaa giza dakika tatu au nne, wala feni zikinguruma mwanzoni, ndivyo zinavyojikagua. Ingia kwenye kumbukumbu za iDRAC (ya Dell) au iLO (ya HP), mfumo mdogo wa ndani unaoisimamia seva, usome makosa ya nyuma. RAM inayorudia kosa lilelile kwenye nafasi ileile ni ya kubadilisha, au mazabodi ina shida. Hesabu prosesa pia: ikiwa moja haipo, nafasi za RAM za upande wake hazifanyi kazi, na baadhi ya nafasi za kadi zinakufa nazo. RAM ya aina ya RDIMM usiichanganye na ya aina ya UDIMM (soma lebo yake), mashine haitawaka.

Diski ndiko watu wanakoumia zaidi. Programu ya smartctl inaonyesha saa ambazo diski imezunguka. Mwaka mmoja ni saa 8,760, kwa hiyo diski ya saa 45,000 imepita miaka mitano, nami nisingeiachia picha za harusi ya mtu. Diski ya SATA, muunganisho wa kompyuta za kawaida, inakubali kwenye kadi ya SAS, ule wa seva, lakini ya SAS haikubali kwenye SATA. Nyingine zimetoka kwenye makabati makubwa ya kuhifadhia data na zimepangwa kwa sekta za baiti 520. Linux inaziona lakini haiziandiki, mpaka zipangwe upya kuwa 512 kwa sg_format, kazi ya saa kadhaa kwa kila diski. Betri ya kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja, ikiwa imevimba, itoe. Bila hiyo betri uandishi unakuwa wa polepole, ila hakuna kinachoungua.

Kuhusu umeme, usisahau ethi. Pawasaplai mbili huvujisha mkondo mdogo kwenye bodi ya chuma, na ukitumia soketi isiyo na ethi, bodi hiyo itakupiga ukiigusa. UPS za bei rahisi hutoa wimbi la mraba, na pawasaplai nyingi za seva hulikataa, zinazima papo hapo umeme unapokatika. Tafuta yenye wimbi safi la sine, VA 1000 au zaidi. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi letu linaziba mapezi ya kupoozea prosesa, hivyo puliza kwa bloa angalau kila miezi miwili.

Nina ombi kwa ofisi zinazouza vifaa chakavu kwa mnada. Mnachomoa diski ili kulinda siri za wateja, na mnafanya vyema. Lakini trei za diski hazina siri yoyote. Zikiondoka, mnunuzi wa huku hana pa kuzipata, na trei ya HP ya kizazi cha saba haiingii kwenye Gen8. Zifungueni skrubu nne, mrudishe trei kwenye mashine. Futeni pia nywila za BIOS na iDRAC au iLO, na kwa HP wekeni toleo la mwisho la BIOS kabla mkataba wenu haujaisha, kwa sababu tangu 2014 kampuni hiyo imewawekea masharti ya kupata masasisho ya ProLiant wasio na dhamana au mkataba.

Fundi wa kompyuta,
Kanyenye, Tabora