Kaka, daftari lile bado ninalo

Kaka yangu, shikamoo. Najua utaisoma hii, maana binti yako husoma kila ninachoandika na hawezi kukuficha. Goti linaendeleaje? Usiache dawa ya presha.

Juzi ulinipigia ukasema nimesoma mpaka nimeukana ukoo. Ukasema wema na ubaya hupangwa na watu: Wahaya wana yao, Wachaga wana yao, Wazungu wana yao, na hakuna wa kumhukumu mwenzake. Sikukujibu. Nakujibu hapa.

Matanga ya ndugu yetu yalipoisha tulikaa sebuleni kwa mjane wake, wifi yangu. Wazee walinipa daftari kwa sababu ya mwandiko wangu. Wifi alipita na chupa ya chai, akatumiminia mmoja mmoja, huku sisi tunagawana kibanja chake. Mlisema hana mtoto wa kiume. Niliandika. Mkamwita, mkamsomea. Hakulia. Alifuta mikono kwenye kitenge, akauliza, "Basi ule upande wa chini nisiendelee kupalilia?"

Hakuna aliyemjibu. Wewe uliinama ukatazama viatu vyako.

Kama mila yenyewe ndiyo haki, kaka, viatu vilikuwa na nini? Na kwa nini mlifunga mlango jirani asisikie?

Utanitajia sheria. Ni kweli, sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 inasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Watoto wenyewe ni wale wasichana watatu, mkubwa yuko darasa la sita! Nami nitakutajia Holaria Pastory, wa huko huko kwetu Muleba. Mwaka 1988 aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, shilingi 300,000, na mtu wa ukoo akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akasema mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku mwanamume akiruhusiwa ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Utasema: unaona, watu ndio waliobadili. Hapana. Yule mama hakuanza kudhulumiwa siku hukumu iliposomwa. Jaji aliikuta dhuluma ipo, akaitaja kwa jina.

Hata wewe unaijua. Binti yako alipofiwa na mumewe, wakwe wakamtolea vyombo nje, hukusema "ni mila yao". Ulikodi Fuso usiku ule ule, ukafika ukiwaita wezi mbele ya watoto wao. Nilikupenda sana siku ile. Hela ya mafuta nilichangia mimi, unakumbuka.

Itisha kikao, kaka. Wewe ndiye mkubwa, ukisema watakusikiliza. Mimi ningesema nini siku ile? Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wazee, mdogo kuliko nyote, nimeitwa kuandika tu. Ningekataa, angeandika mwingine. Na tangu hapo kodi ya chumba cha wifi pale Bukoba nalipa mimi, na sare za watoto nashona mimi. Hayo huyataji unaposema nimeukana ukoo.

Ukurasa ule una doa la chai pembeni. Wifi aliimwaga kidogo alipokuwa ananimiminia, nikiwa katikati ya kuandika jina lake. Akaniomba radhi.