Nguo na buti za mlimani: Memorial Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane soko la Memorial, hapa Moshi, tuchague mitumba ya kupandia Kilimanjaro. Tuwahi, mzigo mzuri hauchelewi kuisha.

1. Koti na suruali visivyopitisha maji. Geuzeni ndani mkague mishono: utepe unaoziba mishono ukiwa umebanduka, acheni hata kama bei ni ya kutupa.
2. Nguo za kuvaa chini ya koti na suruali hizo ziwe za sufu au poliesta. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na usiku ule wa kutoka kambi ya Kibo (mita 4,720) kwenda kilele cha Uhuru ni wa barafu. Jinzi zibaki Moshi, jamani!
3. Buti zijaribiwe na soksi nene, vidole vicheze.

Anayekuja aandike "nipo" na saizi ya kiatu kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.